Duara, pembetatu na msalaba mdogo

Chifu, yaani afisa wa kwanza wa meli, alivua kofia yake akaifunika skrini ya GPS.

Ilikuwa saa kumi na nusu za usiku, zamu ya alfajiri, na mimi nilikuwa kadeti mwenye miezi minne tu baharini. Meli yetu ya mizigo ilikuwa inakaribia nchi kavu baada ya siku kumi na moja za maji matupu. Kwenye briji, yaani kile chumba cha juu cha usukani, taa huzimwa usiku ili macho yazoee giza. Kilichoonekana ni mwanga hafifu wa mitambo na taa ndogo nyekundu juu ya meza ya ramani. Baharia wa zamu alikuwa amesimama upande wa kulia, anatazama mbele, hageuki.

"Tupo wapi?" chifu akaniuliza.

Nikaweka kidole kwenye ramani, pale pale skrini ilipokuwa imeonyesha dakika moja kabla.

"Umejuaje?"

"GPS, chifu."

"GPS nimeifunika. Haya, tupo wapi?"

Sikuwa na jibu.

Nieleze kidogo, kwa sababu yote ninayotaka kusema yanasimama juu ya ncha ya penseli. Kwenye ramani ya bahari ya karatasi tulifundishwa kuweka alama tatu. Msalaba mdogo ni mahali ambapo hesabu tupu inasema upo: uliondoka pale, umeshika majira haya, yaani mwelekeo huu, kwa mwendo huu, kwa saa hizi, basi utakuwa hapa. Pembetatu ni msalaba uliotiwa akili zaidi: umekisia mkondo unakusukuma kiasi gani na upepo unakupeleka upande gani, ukasogeza alama. Duara lenye nukta katikati ni jambo lingine kabisa. Unalichora pale tu ulipopata kitu kilicho nje ya kichwa chako, mnara wa taa, kilele cha mlima, nyota ulizozipima, na mistari yake ikakutana mahali pamoja. Duara ni ushahidi. Kidole changu usiku ule kilikuwa juu ya duara ambalo mimi mwenyewe sikuwa na ushahidi nalo wowote.

Nimeishi na alama hizi miaka mingi, na ninaamini kwa dhati kwamba mabaharia wengi sana waliokufa kwa meli kupanda mwamba walikufa ndani ya duara lililopaswa kuwa msalaba.

Watu wa nchi kavu wakijua kazi niliyofanya, swali lao la kwanza huwa ni mawimbi. Makubwa kiasi gani umewahi kuyaona? Nawaelewa. Nimekuwa ndani ya dhoruba iliyotuchezea siku tatu, meli inakwenda mrama mpaka unajikuta unakanyaga ukuta badala ya sakafu, omo, mbele ya meli, inazama majini, tezi, nyuma yake, inanyanyuka hadi rafadha, ile panka inayoisukuma meli, inazunguka hewani na chuma chote kinatetemeka kama mtu mwenye homa. Na mawimbi ya kutisha yapo kweli. Tarehe 1 Januari 1995, kwenye jukwaa la gesi la Draupner katika Bahari ya Kaskazini, kipimo kilinasa wimbi la mita 25.6, wakati mawimbi yaliyolizunguka yalikuwa karibu nusu ya hapo. Mabaharia walikuwa wamesimulia mawimbi ya namna hiyo tangu zamani wakiambiwa wanatia chumvi.

Lakini dhoruba mara nyingi unaiona ikija. Barometa inashuka, taarifa za hali ya hewa zinaingia, unakaza mizigo, unaielekeza omo kwenye wimbi. Kinachonitisha mimi ni bahari iliyolala, usiku mwema, injini inanguruma sawasawa, kila mtu ana raha, na meli haipo mahali inapojidhania.

Chombo cha zamani kabisa cha ushahidi baharini ni kamba yenye kipande kizito cha madini ya risasi mwishoni. Kiswahili kinakiita bildi, na kina tunakipima kwa pima, urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Herodoto, aliyeandika karne ya 5 kabla ya Kristo, anasema kwamba ukiielekea Misri, ukiwa bado mwendo wa siku nzima kutoka nchi kavu, ukitia bildi itapanda na tope, na kina kitakuwa pima 11. Mto Nile unakuwa umekutumia salamu kabla hujauona ufuko wake.

Wasomaji wa Biblia wanaijua meli iliyomchukua Paulo mfungwa kwenda Roma. Siku nyingi hawakuona jua wala nyota. Usiku wa kumi na nne mabaharia wakahisi nchi iko karibu, wakatia bildi: pima 20. Wakasogea kidogo, wakatia tena: pima 15. Hawakungoja ya tatu. Wakashusha nanga nne za tezi wakaomba kuche. Kila nikiisoma sura ile naisoma kama taarifa ya zamu, kwa sababu yule aliyeiandika ameweka tarakimu mbili tu na zinatosha kabisa kumfanya baharia yeyote aache anachokifanya.

Bildi ya mkono nimeirusha mwenyewe, kwenye mashua ya mafunzo. Risasi ina uzito wa kama kilo tatu, nyembamba juu na nene chini, na kitako chake kina shimo. Kwenye shimo lile unasindika shahamu. Kamba ina alama za kushikika: ngozi yenye mikia miwili kwenye pima 2, yenye mikia mitatu kwenye pima 3, kitambaa cheupe kwenye 5, chekundu kwenye 7, ngozi yenye tundu kwenye 10. Vitambaa vyenyewe ni vya aina mbalimbali kwa makusudi, ili gizani, mikono ikiwa imekufa ganzi, bado uvitofautishe kwa kupapasa. Nilirusha mbele, nikaiacha mashua iifikie kamba hadi iwe wima, nikasikia risasi ikigonga sakafu ya bahari hadi kwenye kiganja. Risasi ilipopanda, shahamu ilikuwa imeshika mchanga mweupe wa chengachenga na kipande cha kombe kisichozidi ukucha. Nikatazama ramani. Kando ya tarakimu ya kina kulikuwa na herufi ndogo zinazosema: mchanga, makombe. Furaha ile siwezi kuieleza vizuri. Niliuliza chini ya bahari kwa mkono wangu, na chini kukanijibu.

Kaskazini na kusini hazikuwasumbua sana watu wa zamani. Nyota ya Jaa inakaa karibu kabisa juu ya ncha ya kaskazini ya dunia, na kwa aliye kaskazini ya ikweta, kimo chake juu ya upeo wa macho ndicho latitudo, yaani uko kaskazini kiasi gani. Manahodha wa Bahari ya Hindi walikipima kwa kamal, kibao kidogo chenye kamba ya mafundo: fundo unaling'ata kwa meno, kibao unakisogeza mpaka kizibe nafasi kati ya maji na nyota. Ahmad ibn Majid aliiandika elimu hii kwa kirefu katika karne ya 15. Taabu ilikuwa mashariki na magharibi. Dunia inazunguka nyuzi 15, yaani digrii 15, kwa saa, kwa hiyo longitudo ni suala la kujua saa ngapi pale ulikotoka wakati jua lako linasema saa ngapi hapa ulipo. Saa yako ikikosea dakika nne umekosea uzi mmoja mzima, na uzi mmoja kwenye ikweta ni maili 60 za baharini. Saa za pendulamu hazikuweza kuvumilia mrama wa meli.

Tarehe 22 Oktoba 1707, kwa kalenda waliyotumia Waingereza wakati ule, manowari za Admirali Cloudesley Shovell zilikuwa zinarudi kwao kutoka Mediterania. Usiku zikapanda miamba ya visiwa vya Scilly, kusini-magharibi mwa Uingereza. Meli nne zilizama, na waliokufa wanakadiriwa kuwa kati ya watu 1,400 na 2,000. Kisa hiki husimuliwa kana kwamba kosa lilikuwa longitudo peke yake. Lakini vitabu vya safari vya meli zilizopona vilipochunguzwa baadaye, hata latitudo zake zilionekana kupishana. Kila meli ilikuwa na msalaba wake, na pembeni ya misalaba ile hapakuwa na duara la kuikosoa.

Mwaka 1714 bunge la Uingereza likaweka zawadi ya pauni 20,000 kwa atakayetatua suala la longitudo, na aliyelitatua kwa saa alikuwa fundi seremala, John Harrison. Saa yake ya nne, yenye upana wa kama sentimita 13, ilisafirishwa kwenda Jamaica kuanzia Novemba 1761. Baada ya siku 81 ilikuwa imechelewa kama sekunde 5. Nampenda mtu yule kuliko maadmirali wote.

Kuhusu Titanic yameandikwa mengi na nitagusa jambo moja tu. Baada ya meli kugonga barafu usiku wa tarehe 14 Aprili 1912, afisa wa nne, Joseph Boxhall, alikokotoa mahali pa kutangazwa kwa redio. Alianzia kwenye nyota zilizopimwa jioni, akaongeza majira na mwendo wa saa zilizofuata. Huo ni msalaba. Redio ikautangaza duniani kama duara. Mabaki yalipopatikana mwaka 1985 yalikuwa takribani maili 13 kutoka pale palipotangazwa. Carpathia, meli iliyokwenda kuokoa, iliziwahi mashua za uokoaji kwa sababu zilikuwa zinaelea karibu na njia yake ya kwenda mahali ambapo hapakuwa na kitu. Simlaumu Boxhall hata kidogo. Kukokotoa huku sitaha inainama chini ya miguu yako ni ujasiri, na asingekokotoa wasingetafutwa kabisa. Ninachokiona ni kwamba maili 13, ndani ya maji yale ya barafu, zingeweza kuwa tofauti ya mwisho kwa wale 700 na zaidi waliokuwa wamekaa kwenye mashua wakingoja.

Sasa nimfikie mtu ambaye, nikiulizwa nani alielewa pembetatu kuliko wote, nitamtaja yeye. Frank Worsley.

Meli ya Ernest Shackleton, kiongozi wa msafara wa uvumbuzi, ilivunjwa na barafu ya Antaktika mwaka 1915. Tarehe 24 Aprili 1916 watu sita waliondoka Kisiwa cha Elephant kwa mashua ya James Caird, yenye urefu usiofika mita 7, kwenda kutafuta msaada kisiwa cha South Georgia, maili 800 hivi za baharini, kupitia bahari mbaya kuliko zote duniani. Watu 22 walibaki kisiwani wakiwangoja. Worsley ndiye aliyekuwa mwongozaji. Kwa siku 16 hivi za safari alipata jua la kupima mara nne tu. Ili apime ilibidi wenzake wamshike wakati mashua inarushwa, yeye analivizia jua likichungulia mawinguni huku akikisia upeo wa macho uko wapi, kwa kuwa akiwa bondeni mwa wimbi haoni upeo, na akiwa juu ya wimbi ana sekunde moja au mbili. Vitabu vyake vya hesabu vilikuwa vimelowa, kurasa zimegandamana.

Walipokaribia alimweleza Shackleton wazi kwamba hawezi kuahidi mahali walipo kwa usahihi wa chini ya maili 10. Jambo la ajabu ni walichokifanya na maneno hayo. Vituo vya wavuvi wa nyangumi, ambako kulikuwa na watu na meli, vilikuwa upande wa pili wa kisiwa. Mtu mwenye haraka angeelekeza huko moja kwa moja. Lakini wangelikosa lile lengo kwa maili 10 upepo ungewapeleka mbele kwenye Atlantiki tupu, na mashua ile isingeweza kurudi dhidi ya upepo. Basi wakaulenga ufuko wa kusini-magharibi, usio na mtu, ambao hata wakikosea kwa maili 10 upande huu au ule wangekutana na ardhi. Tarehe 10 Mei wakatua. Shackleton, Worsley na Tom Crean wakavuka kisiwa kwa miguu, milima na barafu ambayo haikuwa kwenye ramani yoyote, mpaka kwenye kituo cha Stromness. Wale 22 waliobaki waliokolewa wote tarehe 30 Agosti.

Husimuliwa kama hadithi ya moyo mkuu, na moyo ulikuwepo. Mimi naiona zaidi kama hadithi ya mtu aliyekuwa na shaka ya maili 10, akaitaja kwa sauti mbele ya mkubwa wake, na shaka ile ikapewa nafasi yake kwenye ramani. Angeificha kwa kuona aibu, wangekufa wote sita, na pengine wale 22 nyuma yao.

Turudi karibu na siku zetu. Tarehe 9 Juni 1995 meli ya abiria Royal Majesty iliondoka Bermuda kwenda Boston ikiwa na zaidi ya watu 1,500. Haikupita hata saa moja, waya wa antena ya GPS ukachomoka. GPS haikunyamaza. Ilipoikosa setilaiti iliendelea na hesabu tupu ya majira na mwendo, ikaweka herufi ndogo pembeni ya kioo kusema kwamba sasa inakadiria. Usukani wa kujiendesha ukaendelea kuifuata. Kwa saa 34 hivi upepo na mkondo viliisogeza meli pembeni polepole, na kwenye skrini meli ilikuwa juu ya mstari wake, safi kabisa.

Jioni ya tarehe 10 walikuwa wanatarajia maboya ya kuingilia njia ya Boston. Rada ikaonyesha kitu mahali boya la kwanza lilipotarajiwa, afisa akalihesabu kuwa ndilo. Kumbe lilikuwa boya jingine, linaloashiria meli iliyozama. Boya la pili afisa aliyefuata hakuliona kwa macho, lakini nahodha alipouliza akajibiwa limeonekana. Mabaharia wa ulinzi waliripoti taa nyekundu upande wa kushoto, mahali ambapo hapakupaswa kuwa na taa. Wakaripoti maji ya rangi ya samawati na meupe mbele, na maji yakiwa meupe ujue chini si mbali. Kipima kina kilikuwepo, lakini kengele yake ilikuwa imewekwa kwenye sifuri, yaani ingelia baada ya meli kugusa chini. Saa nne na nusu hivi za usiku Royal Majesty ikapanda fungu la mchanga karibu na kisiwa cha Nantucket, maili 17 kutoka mahali ilipojidhania. Kwa rehema za Mungu hakufa mtu.

Nimeisoma ripoti ya ajali ile mara nyingi, na kinachonichoma ni kile kipima kina. Mtoto wa bildi, mwenye uwezo ambao mabaharia wa Paulo wasingeweza hata kuuota, kilikuwa pale pale na hakuna aliyekuwa anakiuliza. Kina kilikuwa kinapungua kimya kimya.

Wala jambo hili halikuishia kwenye nyaya kuchomoka. Juni 2017, katika Bahari Nyeusi, meli zisizopungua 20 zilijikuta GPS zao zinazionyesha zipo kwenye uwanja wa ndege, nchi kavu. Pale kosa lilikuwa kubwa hata mlevi angeliona. Mtu akikudanganya kwa maili mbili je? Chuo cha jeshi la majini la Marekani kiliacha kufundisha upimaji wa nyota mwishoni mwa miaka ya 1990 kikaurudisha mwaka 2015, na nadhani walifanya la maana.

Msomaji asidhani namwonea yule afisa wa boya la pili. Mimi nimefanya alilofanya yeye, na nilifanya usiku ule ule wa kofia.

Baada ya kunifunikia skrini, chifu alinituma nitafute mnara wa taa ambao kwa hesabu zetu ulipaswa kuonekana upande wa kushoto mwa omo. Kila mnara una desturi yake ya kumulika, imeandikwa kwenye ramani, ili usiichanganye na taa nyingine. Wetu ulikuwa wa mara tatu kila sekunde 15. Nikatoka nje kwenye upepo na darubini na saa ya kuhesabia. Mara nikaiona, taa ndogo nyeupe chini kabisa ya giza. Nikahesabu: moja, mbili, tatu. Kimya. Moja, mbili, tatu. Moyo ukatulia. Nikauchukua mwelekeo wake kwa dira, nikaingia ndani, nikachora mstari, nikaukatisha na kina tulichokuwa nacho, nikaweka duara zuri la penseli lenye nukta katikati. Nikaandika saa pembeni.

Chifu alilitazama duara lile muda mrefu. Akatoka nje na mimi nyuma yake. Hakushika darubini.

"Hesabu kwa sauti," akasema.

Nikahesabu. Moja. Mbili. Giza. Nikangoja ya tatu, haikuja. Moja. Mbili. Giza. Sekunde 10, si 15.

Ilikuwa taa nyingine kabisa, mnara wa mbali zaidi kusini. Ule wetu ulikuwa bado chini ya upeo wa macho. Lakini dakika tano zilizopita nilikuwa nimeiona ile ya tatu. Sikudanganya. Naapa niliiona, kwa macho haya, kwa sababu ramani ilikuwa imeniahidi kwamba ipo.

Nilingoja kufokewa. Chifu aliuliza tu, "Ulihesabu kwa macho au kwa ramani?" Kisha akarudi mezani, akachukua kifutio, akalifuta duara langu taratibu mpaka karatasi ikabaki na kivuli chake, akachora pembetatu mahali pake. Akaiondoa kofia kwenye skrini. Tulikuwa salama, maili nyingi kutoka hatarini. Asingeniachia nichezee karibu na mwamba. Lakini mstari nilioutoa kwenye taa isiyo yenyewe ulikuwa umetuweka maili tano mashariki ya ukweli, na nilikuwa nimeusaini.

Kanuni ya 5 ya kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini, za mwaka 1972, inaitaka kila meli kuweka ulinzi wakati wote, kwa macho na kwa masikio na kwa kila njia iliyopo. Nilikuwa nimeikariri kwa ajili ya mtihani. Baada ya usiku ule nilijua kwa nini wameanza na macho na masikio, na kwa nini hata hayo hayatoshi.

Miaka ilipita, nikawa afisa wa pili, mwenye zamu ya saa sita usiku hadi saa kumi. Usiku mmoja wa ukungu tulikuwa tunapita eneo ambalo ramani ilitupa kina cha mita 60 na zaidi. GPS mbili zilikuwa zinakubaliana. Rada iliona kichwa cha kisiwa pale pale kilipopaswa kuwa. Nilikuwa na duara, la halali kabisa. Lakini kipima kina kilikuwa kinashuka: 55, 49, 44, 38.

Sehemu ya meli yetu iliyokuwa chini ya maji ilikuwa mita 9, kwa hiyo 38 haikuwa hatari. Tatizo ni kwamba ramani haikuijua ile 38, na kama haikuijua 38 ingejuaje itakayofuata? Nikapunguza mwendo, nikampigia nahodha chumbani kwake. Saa tisa usiku. Alikuja amevaa ndala, shati halijafungwa vifungo.

"Kuna nini, mwanangu?"

"Kina, kepteni. Hakilingani na ramani."

Hakuuliza kama nina uhakika. Alitazama kipimo, akatazama rada, akainama kwenye meza ya ramani na kuivuta taa nyekundu karibu, akaisoma ile pembe ya ramani ambayo watu wengi huipita, inayoeleza kila kipande cha bahari kilipimwa mwaka gani na kwa njia gani. Akanionyesha kwa kidole. Kipande chetu kilipimwa karne ya 19, kwa bildi. Watu ndani ya mashua ya makasia walikuwa wamerusha risasi hapa, wakasogea, wakarusha pale, na kati ya mrusho na mrusho hakuna aliyejua kuna nini. Ramani nayo ina maji isiyoyafika.

Tulikwenda polepole nusu saa. 38, 37, 37, 41. Kisha kina kikaanza kurudi, 50, 58, 63, na ukungu ulikuwa bado mzito kama ulivyokuwa. Duara langu lilikuwa sahihi muda wote. Nahodha akaniambia nirudishe mwendo, na asubuhi nijaze fomu ya kuwapelekea wachora ramani. Kabla hajarudi kulala alichukua penseli, akaandika 38 ndogo kando ya 60 iliyochapwa, akaweka alama ya kuuliza, akaandika saa.